Barua kwa mwanangu: picha moja moja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza utazameje picha, maana umezunguka National Gallery hapo London kutwa ukatoka na kichwa kizito, zote zimekuwa sawa machoni. Kuingia ni bure, nani anakulazimisha umalize vyumba? Chagua picha tatu, kila moja uipe dakika kumi, kisha nenda zako.

Anza na rangi yenyewe kabla ya kuuliza nani kachorwa. Picha za Kiitalia za karne ya 14 zilipakwa rangi ya unga iliyokorogwa na kiini cha yai. Hukauka upesi mno, haikubali kusambazwa ubaoni, ndiyo maana ukisogea utaona uso umejengwa kwa vistari vyembamba. Ukikuta uso wa kijani, si ugonjwa: chini palitandikwa udongo wa kijani, na rangi ya ngozi iliyokuwa juu imechakaa. Usiidai dhahabu iliyotandazwa nyuma ya watu kina wala kivuli. Ilitiwa ing'ae kwa mwanga wa mshumaa, basi sogea kushoto na kulia uone inavyobadilika.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine. Inachelewa kukauka, mchoraji anapata nafasi ya kupaka tabaka nyembamba juu ya tabaka. Nenda kwenye picha iitwayo Arnolfini, ya mchoraji Jan van Eyck, ya mwaka 1434. Ina kimo cha sentimita 82 tu. Ukisimama mbali umekosa yote. Tafuta kioo ukutani: ndani yake mna watu wawili wanaoingia mlangoni, na juu yake Van Eyck ameandika kwa Kilatini kwamba alikuwa hapo.

Sasa ile Tingatinga uliyonayo chumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, Dar es Salaam, kwa hadibodi na rangi ya baiskeli. Rangi hiyo ukiipaka juu ya nyingine mbichi, zinaingiliana na mstari unaharibika. Kwa hiyo mandhari kwanza, ikauke, ndipo mnyama, madoa mwisho. Kuihukumu kwa vivuli vya Van Eyck ni kuionea. Tazama ukingo wa mstari, na mnyama alivyoujaza ubao.

Ukibakiwa na muda, mtafute mchoraji Holbein, picha yake iitwayo Mabalozi, ya mwaka 1533. Lile doa refu miguuni pao halisomeki ukiwa mbele. Simama kulia kabisa, karibu na ukuta, litakuwa fuvu.

Mama yako