Ukiambiwa "vuta pumzi ndefu" na kizunguzungu kikazidi

"Shikamoo mwalimu. Nimeitwa kwenye usaili mara tatu, na mara zote nimeshindwa kuongea. Moyo unakimbia, viganja vinalowa, mdomo unakauka, sauti inakatika. Watu wananiambia nivute pumzi ndefu. Nikivuta, napata kizunguzungu na midomo inaingia ganzi. Je, nina ugonjwa wa moyo?"

Marahaba, dada yangu. Habari ya moyo nitaifikia. Kwanza niseme wazi kwamba ushauri uliopewa ni nusu, na hiyo nusu ndiyo inayokuletea ganzi.

Moyo una kifundo chake cha kuzalisha umeme, kwenye chumba cha juu upande wa kulia. Kikiachwa peke yake, bila amri ya ubongo, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwenye kiti, lakini, hupiga kati ya 60 na 80. Tofauti hiyo ni breki, nayo imekanyagwa mchana na usiku. Breki yenyewe inaitwa neva ya vagasi, ya kumi katika jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Inashuka shingoni kulia na kushoto, sambamba na ule mshipa unaoupapasa ukitafuta mapigo, ikaingia kifuani hadi kwenye moyo na mapafu, kisha ikaendelea tumboni.

Mwaka 1921 mtafiti Otto Loewi, huko Austria, aliweka mioyo miwili ya vyura kwenye maji ya chumvi. Akaichokoza vagasi ya moyo wa kwanza kwa umeme, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akauwekea wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa neva yake haikuguswa. Ndipo ikajulikana kwamba neva huuambia moyo "taratibu" kwa kumwaga kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini. Kemikali hiyo hiyo iko kifuani mwako unaposubiri kuitwa jina. Kazi ni kuifanya imwagike.

Upande wa pili wa mfumo huu wa fahamu ndio unaokanyaga mafuta. Nyuzi zake hutoka kwenye uti wa mgongo, usawa wa kifua na kiuno. Ubongo ukihisi hatari, ndani ya sekunde chache nyuzi hizo humwaga noradrenalini kwenye moyo, na kuziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini kwenye damu. Damu inaondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, mate yanapungua, viganja vinatoa jasho. Walter Cannon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza mwaka 1915 kwamba haya ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Kwa hiyo kila ulichokitaja ni mwili wenye afya unaojiandaa kwa mbio zisizokuwepo. Adrenalini yenyewe haikai: nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya dakika mbili au tatu. Kinachoifanya ionekane haiishi ni kuichochea upya, na njia mojawapo ya kuichochea ni kupumua vibaya.

Sasa tuje kwenye pumzi. Unapovuta, ubongo hulegeza breki ya vagasi na moyo huongeza kasi kidogo. Unapotoa, breki hukanyagwa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, upumue taratibu: utayasikia mapigo yakikaribiana na kuachana. Mtu anayevuta kwa nguvu na kutoa haraka anaachia breki kwa muda mrefu na kuikanyaga kwa muda mfupi.

Tena kuna hewa ya ukaa. Mwenye hofu tayari anapumua kupita mahitaji ya mwili. Akiongeza pumzi kubwa kubwa, anaipuliza nje hewa ya ukaa kuliko inavyotengenezwa. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, ndiyo kizunguzungu. Damu hupungukiwa asidi, kalsiamu inayoelea huru hupungua, na neva za midomo na vidole huanza kuchomachoma. Mtu hudhani hewa haimtoshi, anavuta zaidi, mambo yanazidi.

Fanya hivi. Kaa, mgongo ushike kiti, mkono mmoja chini ya mbavu. Anza kwa kutoa, usianze kwa kuvuta. Toa kupitia midomo iliyobana, kama unapoza uji wa moto ambao hutaki umwagike. Kisha vuta kwa pua ukihesabu 4, tumbo liinuke na mabega yabaki chini. Toa ukihesabu 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Ukihisi kukabwa, shuka hadi 3 na 5. Usijaze kifua hadi juu, usizuie pumzi katikati. Na usingoje siku ya usaili ndipo ujaribu: fanya asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Habari ya kupumulia ndani ya mfuko iache kabisa, kwani mwenye pumu au tatizo la moyo anaweza kukosa oksijeni.

Kahawa, nusu ya nguvu yake hubaki kwa takriban saa 5. Kikombe cha saa moja asubuhi bado kinafanya kazi saa sita mchana. Mirungi ni mbaya zaidi, kwa sababu kathinoni iliyomo inasukuma upande ule ule wa mafuta. Wapo wanaoazima propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, ya mzazi mwenye presha. Ukiwa na pumu, kidonge hicho kinaweza kukubana njia ya hewa. Usikimeze bila daktari.

Kuhusu moyo wako: kwa siku tatu, ukiamka na kabla hujasimama, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 100, au moyo ukikimbia hata ukiwa umetulia, au unakonda huku mikono ikitetemeka, nenda hospitali ukapimwe moyo, wingi wa damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu hukimbiza moyo, na wanawake wengi wanao bila kujua. Ukizimia, au ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, nenda hospitali mara moja.

Nanyi mnaomwambia mtu wa namna hii "jikaze", acheni. Moyo haupokei amri hiyo. Katika mfumo mzima huu, pumzi ni mlango mmoja unaojifungua wenyewe na pia unaoweza kuusukuma kwa mkono wako. Mwonyesheni huo mlango, msimwongezee aibu.

Na sauti, dada yangu. Misuli ya koo la sauti huendeshwa na matawi ya vagasi hiyo hiyo, lakini sauti haitoki kama hewa haitoki. Watakapokuambia ujitambulishe, usivute pumzi kubwa na kuanza. Toa kidogo, vuta kawaida kwa pua, acha hewa ianze kutoka, ndipo jina lako lipande juu yake.