Niihakiki vipi riwaya iliyoniliza?

SWALI: Shikamoo Bi Mhakiki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Kikundi chetu cha kina mama kimemaliza kusoma Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, nami nimeombwa niandike uhakiki na kuusoma mbele ya wenzangu. Nimejaza kurasa nne, lakini naona zote ni hadithi tu. Mume wangu kazipitia, akasema hivi ni vitabu vya wanawake, vya kulia na kuwasema wanaume, havina cha kuhakiki. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kurasa tatu na nusu ziweke pembeni. Wenzako wamekisoma kitabu. Hawana haja ya kusimuliwa upya kwamba Modou Fall, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, alimwoa Binetou, rafiki wa binti yake. Sentensi mbili zinatosha.

Anzia pale palipokuliza. Mimi paliponikaba ni siku ile imamu, Tamsir nduguye Modou na Mawdo rafiki yake wanapofika kwa Ramatoulaye, mke wa kwanza na msimulizi wa kitabu, kumwarifu kuwa mumewe kaoa. Modou mwenyewe hakuja. Mama wa watu anatabasamu, anawashukuru, anawapa kinywaji. Sasa jiulize: mwandishi kafanyaje hata kinywaji kile kikawa kichungu kuliko matusi? Hakumpa mhusika wake kilio. Wageni wameondoka bila kuona chozi, na sisi wasomaji ndio tumebaki nalo. Ukiweza kueleza hilo kwa maneno yako, umeshahakiki.

Halafu una jambo ambalo wahakiki wengi wa mbali hawana. Ramatoulaye anamwandikia shoga yake Aissatou akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Wewe unaishi Tanga. Huhitaji kuelezwa eda ni nini, wala mirathi hugawanywaje. Ndiyo maana nakusihi usilipite lile la nyumba: wameipata kwa akiba ya wote wawili, hati ina jina la mume peke yake, na baada ya kifo ndipo inajulikana kuwa aliiweka rehani ili amnunulie mke mdogo nyumba yake. Waulize wenzako hati za nyumba zao zina majina ya nani. Kitaeleweka.

Kuhusu mumeo. Hati na rehani si kulialia. Tena kitabu hakiwatii wanaume wote kapu moja: Daouda Dieng anamposa Ramatoulaye mjane kwa heshima, na mkwe wa Ramatoulaye, mume wa Daba, anaingia jikoni kupika wali. Wanaowaponza Binetou na Aissatou ni wanawake pia, mama mzazi wa mmoja na mama mkwe wa mwingine. Mpe asome kitabu chenyewe, si karatasi zako.

Ila usisifu tu. Kitabu kilitoka mwaka 1979 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, ya vitabu vya Afrika, ya kwanza kabisa kutolewa. Sifa kinazo tayari. Mimi kinachonikera hadi leo ni ukimya wa Binetou. Katolewa shuleni, kaozwa kwa tamaa ya mama yake, na habari zake zote tunazipata kwa mke mwenza aliyeumizwa. Ramatoulaye anamwonea huruma, ndiyo, lakini hamwachi aseme. Je, ni kasoro ya mwandishi, au ndivyo barua ya mtu mmoja ilivyo? Nimebishana na watu juu ya hili na sijashawishika kwamba mwandishi hakuwa na njia. Huenda wewe, unayefundisha wasichana, ukaliona vingine. Liandike hilo, hata kama linapingana na langu.

Na jina la mfasiri ulitaje, tafadhali. Bila yeye tusingekisoma kwa Kiswahili.