Silikoni inapimwaje kabla ya kwenda CERN?

SWALI: Mhariri, hivi vigunduzi vya silikoni (vipande vinavyonasa chembe ndogo kuliko atomu) vya CERN, ile maabara ya fizikia kule Uswisi, wanajuaje kipi kizima, na kwa nini vinapozwa?

JIBU: Ndugu yangu, kipande kinawekwa kwenye boksi la giza, maana hata mwanga kidogo unazalisha umeme humo ndani, halafu sindano nyembamba kabisa inagusa juu, wanapandisha volti ya kinyume (upande ambao umeme haupaswi kupita) taratibu huku wakicheki umeme unaovuja, ukiruka ghafla mapema basi ujue kuna kasoro, pengine mkwaruzo tu. Kuhusu baridi, mionzi inang'oa atomu za silikoni kwenye nafasi zake, uvujaji unapanda, na kila joto likipanda kwa kama nyuzi 7 hivi, uvujaji unakuwa maradufu! Ndo maana wanapoza chini ya sifuri. Kuchanganya oksijeni kwenye silikoni nako kumesaidia dhidi ya madhara ya mionzi ya protoni, ila kwa nyutroni sio sana.