Bolti Ikiponyoka Ndani ya Boneti: Maelezo kwa Anayeanza Ufundi wa Magari

Kazi za kwanza ambazo fundi mkuu atakukabidhi ni zile zinazoonekana nyepesi: kubadilisha plagi, kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini), kurudisha altaneta iliyotoka kwa fundi umeme. Katika kazi hizo hasa ndipo bolti, nati na washa huponyoka vidoleni, kwa sababu mikono bado haijazoea kufanya kazi mahali ambapo macho hayafiki, na kwa sababu nafasi iliyopo nyuma ya injini ni finyu. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: bolti ambayo hujui ilipo ni kazi ambayo haijaisha, hata kama kila kitu kingine kimefungwa na mwenye gari amekwisha kufika kulichukua.

Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ambayo utakutana nayo mara kwa mara katika gereji zetu kwa kuwa imo kwenye Vitz, IST na Probox. Koili zake, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, ziko nne, na kila moja imeshikwa na bolti moja yenye unene wa milimita 6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10. Ukitoa koili, chini yake linabaki shimo refu ambalo plagi imekaa kwenye kina chake. Bolti ikitumbukia humo wakati plagi bado ipo, hakuna hasara, kwa sababu utaitoa kwa sumaku. Plagi ikiwa imekwisha kutolewa, hali ni nyingine kabisa: tundu lenye nyuzi za milimita 14 linatosha kupitisha nati ya milimita 6 mpaka juu ya pistoni, na kazi iliyokuwa ya muda mfupi inaweza kuishia kwenye kushusha hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Kwa hiyo fungua bolti zote nne kwanza, toa koili zote, ziweke bolti mbali na injini, puliza mashimo kwa upepo wa kompresa ili mchanga utoke, ndipo uguse plagi ya kwanza. Kijana anayemaliza koili moja pamoja na plagi yake kabla ya kuhamia koili inayofuata anashika bolti juu ya silinda iliyo wazi, na hakuna sababu yoyote ya kujiweka katika hatari hiyo.

Kanuni hiyo inahusu kila mdomo ulio wazi. Manifodi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, ikitolewa, njia za hewa zizibwe. Tapeti kava, yaani mfuniko wa juu ya hedi, likitolewa, mashimo ambayo oili hupitia kurudi chini yazibwe, pamoja na ile nafasi ambamo cheni ya taiming inashuka. Ziba kwa kitambaa kikubwa chenye rangi inayoonekana, na uhesabu vitambaa ulivyoingiza. Usitumie pamba wala karatasi ya chooni, kwa kuwa vipande vyake huchanika na kubaki ndani, na uchafu ulioingia kwa njia hiyo ni mgumu kuupata kuliko bolti. Ukifika siku ya kubadilisha sili za valvu bila kushusha hedi, utaelewa kwa nini ninasisitiza: injini hiyo ina valvu 16, na springi ya kila valvu inashikwa na vibanio viwili vidogo kuliko ukucha, jumla 32, na kila kimoja kinaweza kuruka springi inapoachiliwa.

Wakati wa kufungua, racheti ilegeze bolti tu. Mizunguko ya mwisho imalizwe kwa vidole, mkono wa pili ukiwa chini yake. Wakati wa kurudisha bolti mahali ambapo vidole haviingii, paka grisi kidogo ndani ya soketi au weka kipande cha karatasi kati ya soketi na kichwa cha bolti ili ikae bila kucheza. Waya hasi wa betri utolewe kabla ya kuanza, kwa maana bolti inayoangukia kati ya nguzo chanya na bodi hupiga shoti, na spana inayofanya hivyo inaweza kukuunguza vibaya. Kuhusu kuhifadhi, kopo moja la kuchanganyia bolti zote halifai. Chora umbo la kava la cheni kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi huishia chini kabla ya kubana, na ukiilazimisha utapasua aluminiamu.

Sasa imeponyoka. Simama hapo hapo bila kuutoa mkono kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi bolti imekaa juu ya bomba au waya karibu tu na kidole, na ni huo mtikisiko wa kuutoa mkono unaoishusha zaidi. Kumbuka mlio wake. Chuma kikigonga chuma hulia kwa ukali. Kikigonga kava la plastiki lililo chini ya injini hutoa mlio mzito. Na usiposikia mlio wowote, huenda imeshikwa njiani. Angaza kwa taa iliyolazwa pembeni badala ya kuimulika kutoka juu, kwa sababu mwanga wa pembeni hutoa kivuli na kivuli huonekana haraka kuliko bolti yenye oili. Tazama juu ya gia boksi, kwenye mikunjo ya fremu inayobeba injini, nyuma ya altaneta, na kati ya mkanda na puli. Ikiwa bado haionekani, funga uzi kwenye bolti nyingine kama hiyo, iachilie kutoka mahali pale pale na uifuate kwa macho. Njia hii inaonekana ya kitoto, lakini imenisaidia pale ambapo taa na kioo vilishindwa.

Kava la chini ndilo hupokea bolti nyingi. Lifungue taratibu ukiwa umetandika turubai, usilivute kwa nguvu, maana litamwaga kila kitu upande usioutarajia. Gereji zetu nyingi hazina sakafu ya saruji, na bolti iliyofika mchangani hufukiwa kwa hatua moja ya kiatu. Hapo sumaku ya spika mbovu inafaa sana. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, kisha uipitishe polepole juu ya mchanga. Ukimaliza, geuza mfuko ndani nje, na vumbi la chuma litabaki kwenye mfuko badala ya kung'ang'ania sumaku. Kumbuka tu kwamba sumaku haivuti shaba wala aluminiamu, na bolti nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi pia.

Usipoipata, mwambie fundi mkuu wakati huo huo, kabla hujafunga kitu kingine juu ya mahali ilipopotelea. Najua vijana huogopa kukatwa posho au kufokewa mbele ya wateja, na ninawasihi mafundi wenzangu wasimwadhibu anayesema, kwa sababu kijana aliyeadhibiwa leo kwa kusema ataficha kesho. Kama kuna uwezekano kwamba imeingia ndani ya injini, hakuna anayegusa funguo ya kuwashia gari. Chunguza silinda kwa kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, na ikibidi sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ishushwe. Baada ya hapo zungusha krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo ndiyo mzunguko mzima wa kazi wa injini ya mipigo minne. Ukikutana na kizuizi, acha mara moja, usiongeze nguvu. Krenki kuzunguka vizuri pia hakuthibitishi kwamba ndani ni salama. Kipande kinaweza kuwa kimetulia karibu na cheni kikisubiri mtikisiko.

Bolti iliyopotea nje ya injini, ukiwa na hakika hiyo, inaweza kubadilishwa, ila si kwa yoyote inayookotwa kwenye kopo la bolti za zamani. Za milimita 6 na 8 kwa kawaida zinalingana kati ya magari ya Japani na ya Ujerumani, ingawa vichwa vya zile za milimita 8 hufunguliwa kwa namba 12 kwa za Japani na 13 kwa za Ujerumani. Za milimita 10 ndizo zinazodanganya: za Japani kwa kawaida zina nyuzi za hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25 na za Ujerumani 1.5, na ukiilazimisha ya aina moja kwenye tundu la nyingine utaharibu nyuzi za bloku. Izungushe kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya kushika spana. Ikikataa, itoe na utafute nyingine dukani ukiwa na ile ya jirani yake mkononi kama kipimo.