Umeachiwa Stempu Nyekundu ya Malkia Victoria? Soma Kabla Hujaiuza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimerithi stempu ya Uingereza, ina namba 77. Nasikia hiyo ni mali ya kujengea nyumba. Mnunuzi nimpate wapi?" Akanitumia na picha. Ilikuwa Penny Red, stempu nyekundu ya peni moja. Jibu langu halikumfurahisha, lakini nalirudia hapa kwa sababu najua sote tunaokusanya stempu tuna ndoto ileile.

Tuanze na ukweli wenyewe. Penny Black, stempu ya kwanza duniani, ilitoka Mei 1840 na haikumaliza mwaka. Stempu nyeusi ikigongwa muhuri mwekundu, muhuri hauonekani vizuri, na wajanja walikuwa wakiufuta wino ule wakaitumia stempu mara ya pili. Februari 1841 mambo yakageuzwa: stempu ikawa nyekundu, muhuri mweusi. Sura ya Malkia ni ileile. Penny Red ikadumu hadi 1879, na zilichapwa takriban bilioni 21. Bilioni, ndugu yangu! Uzee peke yake hauipi stempu bei.

Mimi nilianza na hizihizi kwa kuwa ndizo mfuko wangu ulizoziweza. Kwenye mkutano mmoja wa wakusanyaji, mzee mwenye albamu nene za ngozi alifunua kurasa zangu kwa kidole kimoja, akasema, "Hizi huwa tunawagawia watoto." Watu wakacheka. Miaka imepita na bado linaniuma. Lakini usiku ule nilichukua lenzi, nikaanza kuzisoma moja moja.

Nawe fanya hivyo. Karatasi moja ilikuwa na stempu 240: safu 20 za stempu 12, ili safu iuzwe shilingi moja na karatasi nzima pauni moja. Herufi za kona za chini zinataja mahali stempu ilipokaa: ya kushoto ni safu, A hadi T, na ya kulia ni nafasi ndani ya safu, A hadi L. Toleo lililoanza kuuzwa 1864 lina herufi kona zote nne, na kwenye nakshi za pembeni, kushoto na kulia, imefichwa namba ya bamba lililoichapa. Zinaanzia 71 hadi 225. Ni ndogo mno. Bila lenzi utaona mistari tu.

Bamba la 77 lilikataliwa, na stempu zake zinazojulikana zinahesabika kwa vidole. Ndiyo maana matapeli hukwangua 1 kwenye 177. Nyingine hata hazikuguswa na mtu, ni wino wa muhuri tu umeifunika ile 1. Nilimwomba msomaji yule apige picha upande wa pili wa stempu, na 1 ilikuwepo, wazi kabisa.

Kwa hiyo soma namba, pande zote mbili. Kisha isome tena. Ni kwa kusoma namba nilipoikuta 225 kwenye furushi la stempu zisizochambuliwa. Ni bamba la mwisho, lililotumika muda mfupi tu mwaka 1879, na watu huitafuta kweli. Muuzaji hakuwa ameziangalia. Mimi niliziangalia zote, na hilo najivunia bila kuona haya.

Acha kukimbilia bei, jifunze kuangalia! Anayeuza kabla ya kusoma anagawa mali yake bure.

Na kama stempu yako ingali juu ya bahasha, tafadhali usiiloweke wala kuikata. Kuanzia 1844 posta za Uingereza zilianza kupewa mihuri ya namba, na muhuri huo unaweza kuwa na thamani kuliko stempu. Ukiona A25, barua ilipostiwa Malta. A26 ni Gibraltar. Hiyo iache kama ilivyo, itie kwenye mfuko mkavu, umtafute mtu anayezifahamu barua za zamani.