Ubuntu 23.04 na tundu la OpenSSH: nilivyokompaili mwenyewe

Mkuu umeuliza kama ni salama kukompaili (kujenga kutoka kodi chanzo) OpenSSH, ile programu ya kuingilia seva kwa mbali, mwenyewe kwenye seva ya Ubuntu 23.04 maana apt, kile kisakinishi cha Ubuntu, haileti kitu. Ni salama, nilifanya Julai 2024 kwenye seva ya mteja, wiki ileile tundu la usalama la OpenSSH linaloitwa regreSSHion lilipotangazwa. 23.04 iliachwa tangu Januari 2024, ina OpenSSH 9.0p1, na tundu lipo kuanzia 8.5p1 mpaka 9.7p1, sasa ukikaa kusubiri apdeti utasubiri sana.

Kabla hujagusa kitu ingia kwenye seva kwa terminali mbili, moja usiifunge mpaka mwisho kabisa. Apt ielekeze old-releases.ubuntu.com ndo upate build-essential, libssl-dev, zlib1g-dev na libpam0g-dev. Shusha kodi chanzo ya OpenSSH 9.8p1 au ya mbele yake, kwenye configure weka --prefix=/opt/openssh --sysconfdir=/etc/ssh --with-pam --with-privsep-path=/run/sshd (ukisahau hiyo ya pili itatengeneza funguo mpya za seva na watumiaji wote watatolewa macho na onyo), make, make install. Iwashe sshd yako (ile sehemu ya OpenSSH inayopokea wanaoingia) kwanza poti 2222, /opt/openssh/sbin/sshd -p 2222, njia iandike yote, jaribu kuingia, ikikubali ndo uhamie 22, poti ya kawaida ya SSH.

Hapa sasa ndo paliponiumiza. Kwenye 23.04 anayesikiliza poti 22 ni ssh.socket ya systemd (kinachowasha na kusimamia huduma za seva), sio sshd. Mimi niliistop tu (kuizima kwa muda huo) sikuidisable (kuizuia isiwake tena), nikawasha yangu, nikaingia vizuri, nikamwambia mteja tayari. Siku ya tatu seva ikawashwa upya, socket ikawahi poti 22 na kuniletea sshd ya zamani, yangu ikaanguka na "Address already in use", na mimi naingia kila siku kama kawaida sina habari! Nilikuja kugundua nilipopiga nc localhost 22, amri ya kugonga poti uone nani anajibu, ikajibu SSH-2.0-OpenSSH_9.0p1. Yaani mteja alikaa wazi siku zote hizo na mimi nimeshamhakikishia, iliniuma sana. Kwahiyo piga systemctl disable --now ssh.socket, stop na disable ssh.service pia, andika service yako yenye RuntimeDirectory=sshd, ienable, washa seva upya wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo, halafu upige nc. Usiangalie ssh -V, ile inakuonyesha klayenti tu.

Na kama una fail2ban (programu inayofungia wanaokosea paswedi mara nyingi), kuanzia 9.8 logi zinaandikwa sshd-session badala ya sshd, filta ya zamani haizioni. Kwenye filta hiyo badilisha _daemon iwe sshd(?:-session)? kisha kosea paswedi makusudi kutoka laini nyingine uone kama inakufungia.