Re: Mizani ya USB yakataa kusoma kwa Ubuntu

Ndugu yangu wa Kongowea, nimekuelewa: mizani ya duka waichomeka USB, Ubuntu (mfumo wa Linux) yaiona kama /dev/ttyUSB0, lakini programu yaleta "Permission denied", ukipiga chmod 666 (amri ya kufungulia kila mtu ruhusa ya faili) yakubali, halafu ukichomoa na kuchomeka tena shida ni ile ile. Hio ni kawaida, faili za /dev hutengenezwa upya kila kifaa kikiingia na udev, programu ya mfumo inayosimamia vifaa, ndo huziwekea ruhusa, kwa hivyo chmod yako yapotea tu.

Piga ls -l /dev/ttyUSB0. Ukiona crw-rw---- root dialout (yaani ruhusa ni ya root, akaunti kuu ya mfumo, na ya grupu ya dialout, wanaoruhusiwa kutumia vifaa kama hivi), basi shida ni kuwa wewe humo kwa grupu ya dialout. Jiingize:

sudo usermod -aG dialout $USER

Hio -a usiisahau wallahi, ukiiacha utatolewa kwa grupu zako zengine pamoja na sudo, ile inayokuruhusu kupiga amri za msimamizi, na hapo ndo utatafuta fundi. Kisha logauti uingie tena, kufunga terminal peke yake hakutoshi, alafu andika groups uhakikishe.

Kuendesha programu ya duka kwa root achana nako kabisa, na hio 666 pia yampa kila mwenye akaunti kwa hio mashini kusoma na kuandika. Kama kompyuta ni ya bosi, muulize kwanza anayeisimamia.